Sura ya Nne: Kalamu ya Mwenyeji

Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mna kuzaliwa na kupewa jina, jando, posa na harusi, ngoma na pepo, kilimo, bwana na mtumwa, maradhi na waganga, hadi maziko na matanga. Jina la jaladani ni la Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa gavana wa koloni la Afrika Mashariki. Velten, hata hivyo, alikuwa mkusanyaji. Waandishi walikuwa wenyeji wa pwani aliowaomba waeleze mambo ya kwao, na aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin.

Siku hizo, msomi aliyesifika zaidi Uingereza kwa habari za mila za dunia alikuwa James Frazer wa Cambridge. Kitabu chake The Golden Bough kilianza kutoka mwaka 1890 na kikaendelea kunenepa toleo baada ya toleo. Frazer hakuwahi kuishi na watu aliowaandika. Alitegemea vitabu na hojaji zilizotumwa kwa wamisionari na maofisa wa makoloni. Ofisa aliuliza kupitia mkalimani, mkalimani akajibu alichodhani kinatakiwa, barua ikapanda meli, na msomi akayapanga majibu mezani kwake. Habari ilikuwa imepita mikono mingi hata aliyeitoa mara ya kwanza hakuonekana tena.

Historia ya utafiti wa uwandani kwa kawaida husimuliwa kama historia ya safari: nani alitoka maktabani, akaenda wapi, akakaa muda gani. Sura hii inafuata kalamu. Nani aliishika, nani aliamua kiandikwe nini, na jina la nani lilibaki jaladani. Ukifuata njia hiyo utaona kwamba mbinu nyingi zinazohesabiwa kuwa uvumbuzi wa wageni zilisimama juu ya kazi ya wenyeji walioandika, waliotafsiri, waliojifunza kwa niaba ya mtafiti, na pengine waliobishana naye.

Hema la Omarakana

Hatua ya kwanza ilikuwa kuacha maswali ya jumla. Mwaka 1898 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka msafara wa utafiti katika visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo daktari W. H. R. Rivers, aliyekwenda kupima uwezo wa watu wa kuona na hisi zao nyingine. Akitaka kujua kama jamaa wa damu hufanana katika uwezo huo, alianza kukusanya nasaba: jina la mama aliyekuzaa, jina la baba aliyekuzaa, ndugu zako kwa mpangilio wa kuzaliwa, nani kamwoa nani. Kisha akauliza kwa kila jina: huyu wewe unamwitaje?

Rivers akagundua kwamba amepata zaidi ya alichokitafuta. Mwulize mzee akueleze mfumo wa ndoa wa ukoo wao, naye atakupa sentensi mbili zisizo na mwili. Mwombe akutajie jamaa zake, naye atakutajia watu kwa makumi, pamoja na walikoolewa, walichorithi na walikohamia. Nasaba zikilinganishwa, sheria ambazo hakuna aliyezitamka huanza kujitokeza zenyewe. Hadi leo mtafiti anayeingia kijijini huanza na kazi hizi tatu za subira: kuchora ramani ya nyumba, kuhesabu watu wa kila kaya, na kuandika nasaba.

Bronislaw Malinowski, aliyezaliwa Kraków mwaka 1884, aliongeza jambo moja kubwa, nalo ni kukaa. Kati ya mwaka 1915 na 1918 aliishi kwa vipindi viwili virefu katika visiwa vya Trobriand, akianza kwa kupiga hema lake katikati ya kijiji cha Omarakana. Kisheria alikuwa raia wa Austria, dola iliyokuwa vitani na Uingereza, lakini serikali ya Australia ilimruhusu aendelee na utafiti. Aliporudi aliandika Argonauts of the Western Pacific, kitabu cha mwaka 1922 kinachoeleza jinsi wanavisiwa walivyosafiri baharini kubadilishana mikufu na bangili za kome ambazo hakuna aliyezihodhi kwa muda mrefu.

Katika utangulizi wa kitabu hicho alitaja kazi tatu za mtafiti. Kwanza, kuandika umbo la jamii kwa ramani, hesabu na nasaba. Pili, kunasa mambo madogo ya kila siku ambayo hakuna anayefikiri kuyasimulia: sauti anayoitumia mtu akimwita mkwewe, namna chakula kinavyogawanywa, nani hucheka na nani hunyamaza ugomvi unapozuka. Tatu, kukusanya maneno ya watu wenyewe kwa lugha yao: simulizi, dua, misemo, maelezo. Watu wa pwani husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kazi ile ya pili haiwezekani kwa mgeni wa siku mbili, maana mambo hayo huonekana tu wakati wenyeji wameshachoka kumtazama mgeni na wamerudi kwenye shughuli zao.

Malinowski aliandika pia shajara ya siri kwa Kipolandi. Ilichapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, na ikawashtua wanafunzi wake. Mlikuwa na upweke, hasira, na maneno ya dharau kwa watu walewale aliowaeleza kwa umakini mkubwa katika vitabu. Tangu hapo wanaanthropolojia wamelazimika kukiri kwamba mtafiti si kioo. Ana mwili unaougua, ana chuki na mapenzi, na hayo yote huingia katika anachokiona. Katika kazi yote ya Trobriand, aliyeshika kalamu alikuwa yeye peke yake.

Kamanga na walimu wake wawili

E. E. Evans-Pritchard, mwanafunzi wa Malinowski, alifika kwa Wazande wa kusini mwa Sudan katika nusu ya pili ya miaka ya 1920. Alitaka kujua waganga wao hufundishana nini. Angeweza kuomba aingizwe ugangani yeye mwenyewe, lakini alijua kwamba mbele ya Mzungu sherehe ingebadilika na siri zingefichwa. Akaamua kumtumia mhudumu wake, Kamanga, aliyekuwa tayari kujifunza kwa dhati. Evans-Pritchard akalipa ada, na jioni Kamanga akamweleza alichofundishwa mchana.

Mwalimu wa Kamanga, aliyeitwa Badobo, alijua vizuri kwamba kila anachomwambia mwanafunzi wake kitafika kwa Mzungu. Akatoa kidogo kidogo na kuficha mengi. Ndipo Evans-Pritchard akamwalika mganga wa pili, Bögwözu, aliyekuwa mshindani wa Badobo. Kila mmoja alitaka kuonyesha kuwa anajua zaidi ya mwenzake, na katika kushindana huko mambo yakatoka. Kitabu alichokichapisha mwaka 1937 kuhusu uchawi na ramli za Wazande kingali kikisomwa vyuoni, na sehemu yake nzito juu ya waganga imejengwa juu ya mafunzo ya Kamanga.

Mbinu hiyo ni ya busara na inatia wasiwasi kwa wakati mmoja. Kamanga ndiye aliyekula dawa, aliyecheza ngoma ya waganga, aliyebaki na jina la mganga kijijini baada ya mtafiti kuondoka. Anatajwa kwa jina kitabuni, jambo ambalo wengi wa zama zake hawakufanyiwa. Lakini tunamsikia kupitia kalamu ya Evans-Pritchard, si kupitia kalamu yake mwenyewe.

Evans-Pritchard huyohuyo alipokwenda kwa Wanueri wa Sudan hiyohiyo mwaka 1930, njia ya Kizande ilishindikana. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetoka kuwapiga Wanueri kwa silaha, nao hawakuona sababu ya kumjibu mgeni aliyekuja kwa ridhaa ya serikali hiyo. Hapakuwa na mtu wa kukaa naye faraghani na kumhoji. Ikambidi aishi kwenye kambi za ng'ombe na kujifunza kwa kutazama, kwa sababu kila mtu alikuwa akimwona na yeye akimwona kila mtu. Mbinu haichaguliwi na mtafiti peke yake. Wenyeji nao huichagua, na historia iliyotangulia kufika kwake huichagua kabla yao wote.

Karani wa Rungwe

Katika Rungwe, nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, Godfrey Wilson na mkewe Monica waliwatafiti Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Monica alikuwa amezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, na alikuwa ameshafanya utafiti Pondoland nchini humo. Wawili hao walitaka kuelewa jambo ambalo nje ya Unyakyusa ni nadra: vijiji vya rika, ambamo wavulana wa umri mmoja walitoka kwa wazazi wao, wakajenga pamoja pembeni, wakaoa na kuzeeka wakiwa majirani. Kitabu cha Monica juu ya vijiji hivyo, Good Company, kilitoka mwaka 1951.

Nyuma ya kitabu hicho yupo Leonard Mwaisumo, karani Mnyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 1938, kabla hajatimiza miaka 30. Aliwasaidia akina Wilson katika mahojiano na maandishi ya Kinyakyusa. Mwanahistoria Andrew Bank na wenzake walipopekua nyaraka za Monica Wilson, walimtengea sura nzima katika kitabu chao cha mwaka 2013 kuhusu Monica na wakalimani wake. Kabla ya hapo, msomaji wa kawaida wa vitabu vya Unyakyusa hangeweza kujua ni kiasi gani cha anachokisoma kilipita kwanza kwenye masikio na mkono wa karani huyo.

Kazi ya mtu wa namna hii haikuwa kubadilisha maneno tu. Aliamua watafiti waende kwa nani na wasiende kwa nani. Alijua swali lipi litaudhi, na lipi liulizwe msimu mwingine. Alimtambulisha mgeni kwa heshima iliyostahili, na kama mgeni alikosea, aibu ilimfika yeye na jamaa zake. Mgeni akiondoka, yeye alibaki na majirani waliokumbuka nani alileta maswali.

Monica Wilson mwenyewe alipiga hatua mbele baadaye. Alipotaka kutafiti maisha ya Langa, kitongoji cha Waafrika mjini Cape Town, mahojiano mengi yalifanywa na mwanafunzi wake Archie Mafeje, mzungumzaji wa Kixhosa aliyeweza kukaa na watu mahali ambapo mwanamke Mzungu, chini ya sheria za ubaguzi, asingeweza. Kitabu kilipotoka mwaka 1963, jaladani yalisimama majina mawili, Wilson na Mafeje.

Mafeje hakuishia hapo. Aliongoza idara ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1971 alichapisha makala maarufu juu ya itikadi ya ukabila. Alihoji mazoea ya watafiti ya kuliona kabila kila mahali Afrika, hata pale ambapo watu wenyewe walikuwa wakigombea ardhi, mishahara au madaraka. Mtu aliyewahi kuwa mkono wa utafiti alikuwa sasa anauuliza utafiti wenyewe umesimama wapi.

Wa ndani na wa nje

Je, mwenyeji akiishika kalamu peke yake, ukweli hupatikana wenyewe? Mifano miwili kutoka Kenya inaonyesha kwamba jambo hili si jepesi.

Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski mjini London, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya. Aliandika juu ya Wakikuyu kama mtu wa ndani, na Malinowski aliandika utangulizi wake. Kitabu kina utajiri ambao mgeni asingeupata kwa urahisi, hasa katika sura ya umiliki wa ardhi. Lakini Kenyatta alikuwa pia mwanasiasa aliyepeleka London madai ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Jamii anayoichora imetulia, ina umoja, na migongano yake ya ndani imewekwa pembeni. Alikuwa na sababu ya haki ya kuichora hivyo, na msomaji anapaswa kuijua sababu hiyo.

Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukua akizungumza Kikikuyu, alifuata njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliwakusanya wazee, wakazijadili mila pamoja hadi wakaafikiana, naye akaandika walichokubaliana. Kazi yake kubwa juu ya Wakikuyu wa kusini ilichapishwa mwaka 1977, baada ya kifo chake. Ni hazina, lakini maafikiano ya wazee wanaume yana gharama yake. Aliyepinga kikaoni hayumo kwenye ukurasa, na mwanamke ambaye hakualikwa kikaoni hayumo pia.

Kuzaliwa ndani humpa mtafiti lugha na mlango wazi. Kutoka nje humpa mshangao, maana huuliza yale ambayo mwenyeji ameyazoea mno hata hayaoni. Kwa wote wawili dawa ni ileile: kuongeza kalamu, ili mume, mke, mtoto, tajiri na maskini kila mmoja aandikwe kwa sauti yake.

Shajara ya Mafia

Hilo ndilo alilolifanya Pat Caplan katika kisiwa cha Mafia. Alifika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha London aliyekwisha kujifunza Kiswahili. Utafiti wake wa kwanza ulihusu ukoo na ardhi. Alionyesha kwamba watu wa kaskazini mwa Mafia huweza kudai haki ya kulima kupitia upande wa baba na upande wa mama pia, kwa hiyo mtu mmoja huwa na milango kadhaa ya kuingilia shambani.

Akiwa huko alimwomba mkulima mmoja, ambaye katika vitabu amempa jina la Mohammed, aandike shajara. Mohammed akaandika kwa Kiswahili: kazi za shambani, maradhi, misiba, ugomvi, mashetani wa nchi kavu na wa baharini, nani kamtembelea nani. Hakuna hojaji ambayo ingeyauliza mambo hayo kwa mpangilio ule, kwa sababu mpangilio ulikuwa wa maisha ya Mohammed.

Caplan alirudi Mafia tena na tena kwa miongo kadhaa. Alipochapisha African Voices, African Lives mwaka 1997, aliiweka shajara ya Mohammed katikati ya kitabu, na pembeni yake masimulizi ya mkewe na ya binti yao. Jambo lilelile, kama vile talaka au ugonjwa, linasomeka kwa macho ya zaidi ya mtu mmoja, nao hawaafikiani. Mtafiti haamui kati yao. Anaeleza mazingira, anatoa tarehe, kisha anawaacha wapingane.

Kurudi ni mbinu yenye nguvu kuliko inavyosifiwa. Aliyekaa miaka miwili akaondoka ana picha moja ya kijiji. Aliyerudi baada ya miaka kumi, na tena baada ya kumi, hukuta watoto wa kwenye nasaba zake wana watoto wao, na yale aliyoyaandika kama desturi yamegeuka au yamekufa. Pia hukuta watu wanaomdai maelezo: uliandika nini juu yetu, na kitabu kiko wapi?

Nani anaulizwa ruhusa

Leo mtafiti hawezi kuingia uwandani kwa hisani ya ofisa tu. Tanzania, mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya kibali hutolewa na NACOSTI. Huko Tanzania barua hushuka ngazi kwa ngazi, mkoa, wilaya, kata, hadi ofisi ya kijiji. Utaratibu huu una maana, kwa kuwa unaipa nchi sauti juu ya maarifa yanayochumwa humo. Lakini tazama mpangilio wake: mwanakijiji huulizwa wa mwisho, akiwa ameshaonyeshwa mihuri ya wakubwa wote. Kumkatalia mtu mwenye mihuri hiyo si rahisi. Ndiyo maana ridhaa ya kweli huombwa upya kila mara, kwa maneno ya kawaida, na pia siku ambayo mtu ameropoka jambo ambalo kesho atajutia.

Jina nalo ni suala zito. Kulificha humlinda mtu anayesimulia ugomvi wa nyumbani. Kulificha jina la mganga, mshairi au mchoraji ni kumnyang'anya kazi yake. Hakuna kanuni moja. Anayepaswa kuamua ni mwenye jina.

Miaka ya 1970, katika wilaya ya Bagamoyo, mradi wa Jipemoyo ulijaribu kwenda mbali zaidi. Ulikuwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, na kiongozi wake mmoja alikuwa Marja-Liisa Swantz, aliyekuwa ameshatafiti matambiko ya Wazaramo kwa miaka mingi. Watafiti walikusudia kupanga maswali pamoja na wanakijiji na kuyajadili matokeo nao, ili utafiti uwasaidie kutetea mahitaji yao. Leo mbinu hiyo, utafiti shirikishi, inajulikana duniani kote, na mara nyingi imepunguzwa kuwa mkutano wa asubuhi moja wenye karatasi za kubandika ukutani. Katika vijiji vya Bagamoyo ilimaanisha kukaa miaka.

Kijitabu cha Elisabethville

Upande wa pili wa ulimwengu wa Kiswahili, katika Katanga nchini Kongo, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alianza utafiti katikati ya miaka ya 1960 katika miji ya migodi. Miaka ya 1970 alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora takriban picha mia moja za historia ya nchi yake. Fabian alizinunua, na kwa kila picha akarekodi mazungumzo yao kwa Kiswahili cha Katanga. Tshibumba hakuzungumza kama mtu anayetoa taarifa kwa msomi. Alizungumza kama mwanahistoria mwenye hoja, na Fabian alimhoji kama mtu anavyomhoji mwenzake wa kazi.

Kilichomtikisa Fabian zaidi kilikuwa kijitabu kilichopigwa taipu na kurudufiwa mwaka 1965. Kiliandikwa na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi. Kinasimulia historia ya mji, ya ukoloni, na ya kazi katika nyumba za mabwana, kwa Kiswahili kilekile walichozungumza wenyewe. Hakuna mtafiti aliyekiagiza. Wapishi na watumishi waliamua wenyewe kwamba historia yao iandikwe.

Kwa maandishi kama hayo mbinu zote za sura hii zinageuka. Hakuna wa kuhojiwa, wala swali la mgeni lililoanzisha maneno. Tahajia haikufuata kitabu chochote, na maneno yaligawanywa kwa namna ambayo jicho peke yake hupotea. Fabian akashirikiana na Kalundi Mango, aliyekisoma kijitabu kwa sauti, kwa sababu kikisikika ndipo kinaeleweka. Mwaka 1990 kilichapishwa upya pamoja na tafsiri na maelezo, na jina la André Yav likawekwa kwenye anwani ya kitabu kama mwandishi. Fabian alijitengea insha ya ufafanuzi.